Makofi ya Wanja, Kibao cha Wawira

Jumamosi, Kianjokoma. Manyunyu tangu asubuhi, nami sina raha.

Leo nimefundishwa kutamka na mtoto wa miaka saba. Wanja ni binti wa mwanangu, amezaliwa Norwei, na ana jina langu kama desturi yetu inavyotaka. Nimeapa kujifunza lugha yake kabla hawajaja Desemba. Kinachonishinda ni yale maneno yao marefu, mawili yaliyounganishwa kuwa moja. Ulimi wangu unakimbilia kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, jinsi Kiswahili kilivyouzoeza. Wao hukaza mwanzoni.

Basi kwenye simu Wanja ananipigia makofi, moja kwa kila silabi, la kwanza kwa nguvu: BES-te-mor. Yaani nyanya. Mimi nasema besTEmor. Nimekosea kama mara tisa hivi, na hakunicheka. Alirudia tu.

Mimi sikuwahi kurudia.

Nilifundisha miaka thelathini na moja, na kwenye droo yangu kulikuwa na disk, kibao chenye kamba. Aliyesema Kiembu, lugha yetu ya nyumbani, darasani alikivaa shingoni mpaka jioni. Msichana mmoja, Wawira, alikivaa karibu kila siku. Alikuwa mwerevu, ila Kiswahili kilimkwama, nami nilikuwa nikiigiza matamshi yake ili darasa licheke. Aliacha shule darasa la sita. Nilijiambia ni umaskini.

Siku hizi anauza viazi sokoni, na mimi hununua kwa jirani yake. Leo baada ya simu nilijikaza, nikaenda kumwomba msamaha. Alinifurahia, akanifutia kiti. Kabla sijafungua mdomo alinionyesha binti yake mdogo aliyekaa juu ya gunia, akasema kwa fahari:

"Mwalimu, huyu wangu hajui Kiembu hata kidogo. Mimi sikutaka avalishwe disk."

Alikuwa akingoja nimsifu.

Nikamsifu. Nikanunua viazi ambavyo sikuvihitaji, nikarudi nyumbani bila kusema nililoendea. Njiani nikamkumbuka mamake Wawira. Anaishi nao, na hajui lugha nyingine ila Kiembu. Nimekaa hapa nikijiuliza yeye na mjukuu wake huongea nini, siku nzima, katika nyumba moja. Nyanya huyo hana hata wa kumpigia makofi.

Kesho tukitoka kanisani nitaenda kwao. Safari hii nitaanza mimi kuongea, mbele ya mtoto, na nitaongea Kiembu.