Mama Mkwe na Saa ya Kufunga Baa

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni nacheka peke yangu!

Si leo ndiyo kikao cha maoni ya sheria mpya za leseni? Wanataka sisi wenye baa tufunge saa mbili usiku. Mama mkwe akanyoosha mkono. Nikajua nimekwisha, maana yule na pombe ni paka na panya.

Akasema: "Msiwafungie wanaume baa mapema. Mume wangu akirudi saa mbili, mimi rimoti nitaishika lini?"

Rimoti, shoga! RIMOTI! Ukumbi mzima hoi!

Na mimi baba mkwe namwingiza baa kwangu kwa mlango wa jikoni kila jioni, anywee humo humo, eti mkewe asijue.

Tunatoka, mama mkwe akaninong'oneza: "Mwanangu, mkalishe mbele na wenzake. Kila siku anarudi ananuka vitunguu."