Shangazi, Dawa Yako Imemponza Suyin

Woodbury, Minnesota
12 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Laurencia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na presha yako imetulia tangu daktari alipokubadilishia vidonge. Mvua zimeanza huko Rwamishenye? Na jino la Gasto, ameling'oa au bado anazunguka nalo shavu limevimba? Sisi huku hatujambo. Mkweo Eliakim yuko kazini kama kawaida, mjukuu wako Keziah ameingia darasa la saba na kanizidi urefu. Baridi bado haijakaza, ila makoti nimeshayatoa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatia. Mara tatu, Shangazi! Barua huwezi kuikata. Nimemkabidhi Pascasie, anasafiri Jumanne kuja kumwona mama yake Bukoba, atakupa mkononi. Kama miwani imepotea tena, Gasto akusomee, na asiruke mstari hata mmoja.

Kwanza umjue huyu Suyin, maana unamtaja kana kwamba nilimwokota njiani. Anaitwa Hou Suyin, ana miaka thelathini na moja, ni mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Alichukuliwa kwao mkoa wa Hubei akiwa na miaka minane, akawekwa bweni la shule ya michezo, akawa anawaona wazazi wake mara mbili kwa mwaka. Alipokuwa na miaka ishirini na mbili alikuwa namba mia moja na kumi na sita duniani. Usigune. Fikiria wanawake wote wanaoshika raketi chini ya jua hili. Halafu akapasuliwa kifundo cha mkono, mara mbili, na aliporudi uwanjani alikuwa namba mia saba na kitu. Tangu hapo anapanda kidogo kidogo, mji kwa mji, bila kocha, mabegi anabeba mwenyewe, soksi anafua kwenye sinki.

Wachezaji wa ngazi yake hoteli hawaziwezi. Mashindano madogo huomba familia za mji ziwapokee kwa wiki moja. Muuguzi mwenzangu Jedidah ndiye aliyenidokeza, nikasema chumba cha chini kipo kitupu. Hii Julai ilikuwa mara yake ya tatu kwetu. Keziah, ambaye hata wewe anakujibu kwa Kiingereza, ndiye aliyemfundisha Suyin kusema "asante kwa chakula", na anaisema vizuri kuliko mwalimu wake.

Mwaka wa kwanza Suyin alinichosha. Mchuzi una nini? Hii chumvi ya wapi? Akiacha chupa ya maji mezani akaenda chooni, akirudi anaimwaga. Nilinuna, nikadhani ananiona mchafu. Akanieleza kwamba wanapimwa mkojo, na kikionekana kitu, hata punje, anayejibu ni mwenye mwili. Mwaka wa pili maswali yakapungua. Mwaka huu hakuuliza kabisa. Namwekea uji wa ulezi ninaonunua Frogtown, anakunywa mpaka anakwangua bakuli.

Jumamosi ya nusu fainali alishinda, lakini akarudi anachechemea, goti limejaa. Ndipo nikakumbuka kopo lako, lile ulilompa Pascasie mwezi wa tano aniletee pamoja na senene. Umeandika juu yake kwa mkono wako: dawa ya maungo, kijiko kimoja. Uliniambia ni mizizi mitupu. Nikakoroga kijiko kimoja kwenye uji wake wa jioni, na kingine asubuhi. Sikumwambia. Kwetu mgonjwa hatumuulizi, tunampa. Ndivyo ulivyonilea, dawa ulikuwa unanifichia kwenye ndizi. Lakini mimi ni muuguzi wa miaka kumi na minne! Kazini sitoi hata Panadol bila karatasi kusainiwa.

Jumapili goti lilikuwa limenywea, akachukua ubingwa. Nililia pale uwanjani kama mtoto. Kwa ushindi ule angeingia kwenye mchujo wa Melbourne mwezi wa kwanza, mashindano makubwa ambayo hajayakanyaga kwa miaka sita. Hajafuta hata jasho, dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni akamfuata mpaka chooni kuchukua mkojo.

Baada ya wiki tano majibu yakatoka. Deksamethasoni. Mimi dawa hiyo naijua, nawapa wagonjwa wangu wenye uvimbe mkali, kwa amri ya daktari. Mchezaji haruhusiwi kuimeza siku za mashindano. Ubingwa wamemfutia. Kucheza wamemsimamisha, na wanaweza kumfungia miaka miwili. Kwa umri wake na kwa goti lile, miaka miwili ndiyo basi.

Alinipigia akaniuliza kwa upole kila alichokula kwangu. Nikamtajia wali, kuku, ndizi, uji. Kopo sikulitaja. Siku mbili nzima nilikaa kimya, Shangazi, na najionea aibu mpaka leo. Siku ya tatu nikampigia nikamwambia yote. Hakulia, hakunitukana. Aliuliza tu, "Kijiko kimoja, au viwili?" Afadhali angenitukana.

Wakili wake akalipeleka kopo maabara, na dawa imekutwa humo humo, imesagwa laini. Ndipo nikakupigia wewe. Mara ya kwanza ukasema ni mizizi mitupu. Mara ya pili ukasema mashine za Wazungu zimekosea. Mara ya tatu ukaniuliza huyo Mchina anakuhusu nini, ukakata. Kumbe Gasto wa humo ndani kwako anajua, na usimgombeze, nilimbana mimi mpaka akasema. Unanunua vidonge duka la dawa, unavitwanga pamoja na mizizi, ili wateja wapate nafuu upesi na warudi tena!

Sikuamini. Wewe, unayeongoza jumuiya, unayewafundisha watoto Amri Kumi! Shangazi, dawa hiyo inapandisha sukari. Ni wangapi hapo mtaani wenye kisukari wanaokoroga kijiko chako kila asubuhi na kukuombea baraka? Unajua nimekasirika kwa ajili ya Suyin, lakini nimekasirika zaidi kwa ajili yao, maana wao hakuna anayewapima.

Sasa nakuambia ninachotaka, na sikuombi. Jopo linalosikiliza kesi ya Suyin litakaa tarehe 18 Novemba. Wanasema kopo langu lilikuwa limeshafunguliwa, kwa hiyo yeyote angeweza kutia vidonge baadaye ili kumwokoa Suyin, hata mimi. Gasto ananiambia chini ya kitanda chako yamebaki makopo sita ya ule ule mtwango wa mwezi wa tano, na mifuniko haijaguswa. Toa moja. Nenda nalo kwa wakili hapo mjini, lifungwe kwa muhuri mbele yake, na wewe ule kiapo useme umetia nini na lini. Pascasie atarudi nalo tarehe mbili. Hayo mengine matano, mbele ya Gasto, yamwage shimoni.

Najua unachoogopa. Watu watasema, wateja watakimbia, Paroko atakuita. Na mimi ninacho cha kuogopa. Eliakim aliposikia nataka kutoa ushahidi alisimama katikati ya jikoni akaniambia, "Brigi, usi-sign hiyo kitu. Bodi ikijua ulimpea mtu dawa bila kumwambia, license imeenda, na hii nyumba tutalipa na nini?" Nikamfokea, akanifokea. Hasira yangu ilikuwa moja tu, kwamba hakuna alichosema ambacho ni uongo.

Hata hivyo Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda Saint Louis Park, ofisini kwa wakili wa Suyin. Nikaandika yote, kijiko cha jioni, kijiko cha asubuhi, na zile siku mbili nilizonyamaza. Suyin alikuwa kwenye simu ya video kutoka kwao, kule ilikuwa alfajiri, amejifunga blanketi. Uliniuliza ananihusu nini. Yule mwanamke huuliza kila kilichomo kwenye kikombe, nchi zote alizopita, na kwangu aliacha kuuliza. Basi anatuhusu.

Pascasie atakaa kwao wiki mbili. Usimpe senene safari hii, mpe nilichokuagiza. Nisalimie Gasto, umwambie sitasahau alichonifanyia. Nisalimie Valentina na wanawe, Padri, na jirani zako wa upande wa juu, hasa mama yake Kirezi, na umwambie aende kupima sukari. Usisingizie sababu nyingine, mwambie ukweli.

Jambo la mwisho, ulijue kutoka kwangu na si kwa mtu mwingine. Nilipofika mahali pa kuandika nani aliitengeneza dawa, wakili alinisimamisha. Akasema jina likishaingia kwenye faili halitoki, akaniuliza kama nina uhakika nalo. Nikamwambia ni dada yake baba yangu, amenilea tangu nina miaka sita, jina lake nalijua lote. Nikaliandika lote, nikasaini.

Mungu akulinde, Shangazi, na akupe moyo wa kwenda kwa wakili kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na niliyekukasirikia,
Brigitha