Mama Glory wa Kwenye Tamthilia

Buguruni, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Kamwene mama, na shikamoo. Habari za Makambako na hiyo baridi yenu? Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia inasaidia, au umeshamgawia jirani kama kawaida yako? Baba amemaliza kuvuna? Mimi na Glory ni wazima. Joto la huku ni lilelile, na duka letu la mapazia Kariakoo bado nalifungua kila asubuhi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako haifai kwa mazungumzo ya mama na mwanawe. Ukipokea unaweka spika, na uani kwako hapakosi watu. Juzi uliponiuliza, "Eti mwanangu, haya tunayoyasikia ni ya kweli?" nilimsikia mtu nyuma yako akikohoa, kisha kimya, kila mmoja akisubiri nijibu. Nilikata. Salio halikuisha, nilikasirika. Mtu wa Kariakoo akiniuliza kama nilimuua mume wangu namtukana, tunaachana hapo, lakini wewe ulinizaa. Basi kaa chini usome, au baba akusomee, ila msisomeane uani.

Mambo yalianza na utani, na aliyeuanzisha ni marehemu mwenyewe.

Kuna kijana hapa anaitwa Mkalimani Chuma. Kazi yake ni kuchukua tamthilia za nje, hasa za Kituruki, hizi za mauaji na wapelelezi na kesi mahakamani, na kuziwekea Kiswahili kwa sauti yake peke yake. Yeye ndiye mpelelezi, yeye ndiye muuaji, yeye ndiye mjane anayelia. Lugha ya wenyewe haijui. Anasoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, na yakimshinda anatunga. Akimaliza, watu wanajaziwa kwenye flashi, na haupiti muda vibanda umiza vyote mpaka huko kwenu vinaionyesha. Festo wa kibanda cha hapo kwenu anamjua, muulize.

Kinachomuuza Chuma ni majina. Anajua mteja wa huku majina ya Kituruki yanamkwama kooni, kwa hiyo watu wa kwenye picha anawapa majina ya wafanyabiashara wa hapahapa Kariakoo. Mpelelezi kamwita Afande Mwita. Wakili kamfanya Mhaya asiyemaliza sentensi bila Kiingereza. Mwizi wa magari kapewa jina la muuza vyombo tunayepakana naye, na tangu hapo yule bwana anatembea kifua mbele utadhani kateuliwa kuwa waziri. Kutajwa na Chuma ni sifa. Watu wazima wanamfuata wanambembeleza.

Baba Glory naye akambembeleza. "Niweke na mimi, ila niwe tajiri." Chuma akamweka. Kwenye ile tamthilia kukawa na Mangi Aloyce, jina lake hasa, tajiri wa mapazia, mwenye jumba na bwawa la kuogelea. Mkewe, kwa kuwa mimi ndiye mkewe, akaitwa Mama Glory. Mwanamke mzuri kweli, mwembamba, ana kidani shingoni. Haukupita muda Mama Glory akakoroga kitu kwenye chai ya mumewe, Mangi akanywa, akaanguka juu ya zulia. Yote yanayofuata ni Afande Mwita kumtafuta muuaji na kesi kuendeshwa.

Mume wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi dukani nikimmiminia chai kutoka kwenye chupa, anainua kikombe wateja wakione, anasema kwa sauti ya Chuma, "Mama Glory, leo umeniwekea nini?" Na mimi namjibu, "Ileile ya jana. Mbona hufi?" Watu hoi. Wengine walikuwa wakichelewa kununua pazia makusudi wasubiri chai imiminwe.

Siku aliyokufa alishauliza na mimi nilishajibu. Akanywa nusu kikombe, akashika kichwa, akasema, "Mama Glory, kichwa," akaangukia kwenye majora ya mapazia. Watu walipiga makofi, mama. Muuza vyombo alisema, "Leo Mangi kaigiza kuliko hata kwenye picha!" Nilicheka na mimi. Nilicheka na chupa ya chai mkononi, nikamwambia aamke atanichafulia mali, na alipokuwa haamki nikamsukuma kwa mguu.

Msibani Buguruni, majirani walichemsha sufuria kubwa ya chai jikoni kwangu kwa ajili ya wageni. Ilikaa hapo mpaka ikafanya utando. Hakuna aliyegusa. Kina mama waliokuja kunilalia shingoni na kulia walikwenda kununua maji dukani, kila mtu na chupa yake imefungwa. Jioni niliwaona wanaimwaga ile chai mtaroni, na mmoja akaosha mikono kwa sabuni.

Shemeji yangu Gaspar, mdogo wake marehemu, hakutaka mwili usafirishwe mpaka upasuliwe. "Shemeji, usinielewe vibaya. Ni utaratibu tu." Nikasema sawa, pasueni, tena haraka. Daktari akatuita akaeleza mbele ya wazee: presha, mshipa umepasuka kichwani, hakuna kingine. Nilidhani yameisha. Nikamtazama Gaspar ili nimwone anavyoona aibu. Gaspar akatikisa kichwa polepole, akasema, "Hata yule daktari wa kwenye tamthilia alisema presha." Na wazee, watu waliosoma, wenye mvi zao, wakaguna kukubali. Kwenye tamthilia Mama Glory alikuwa kamhonga daktari. Sasa hapo ungesema nini, mama? Ushahidi wa kuniokoa ulishatumika kunifunga kabla mume wangu hajafa.

Tulimzika Rombo, migombani kwao, kama ilivyo desturi yao. Nilipoinama kutupa udongo, wifi yangu alimvuta Glory upande wake.

Baada ya matanga ukoo ukaketi sebuleni kwa mama mkwe. Gaspar hakukaa. Alikuwa anatembea huku na huku, mikono nyuma, akimwita baba yake mkubwa "mheshimiwa".

"Ulisema au hukusema, 'mbona hufi'? Jibu ndiyo au hapana."

"Gaspar, ulikuwepo, na ulicheka."

"Ndiyo au hapana, shemeji!"

"Ndiyo."

Akageukia ukumbi, yaani kochi la mama mkwe na viti vya plastiki, akasema, "Sina swali lingine." Nusura nicheke, ila hapakuwa na mwenzangu wa kucheka naye. Wakaamua kwamba nikishavua nguo nyeusi, duka atalishika yeye.

Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja kwa Chuma. Ana chumba ghorofani, ukutani kabandika magodoro ili kelele za barabarani zisiingie. Nikamkuta na kipaza sauti chake, jasho linamtoka, analia kilio cha mwanamke. Akaacha kulia, akasema, "Karibu mama. Pole sana. Mangi alikuwa mtu wa watu."

"Futa jina langu."

"Lishatoka hilo, mama. Liko mikoani, liko mpaka Kongo. Lakini tulia, kuna kitu nikuonyeshe."

Akanionyesha mwisho wa tamthilia, ambao alikuwa hajauwekea sauti. Sikuelewa neno, lakini macho hayahitaji mkalimani. Jaji anasoma, mwanamke mwenye kidani anaziba uso, wakili wake anamkumbatia, wanacheka huku wanalia. Milango inafunguliwa, nje jua, mama yake kakaa anamsubiri, wanashikana. Aliyeua, Chuma akanieleza, ni mshirika wa marehemu kwenye biashara.

"Anaachiwa, mama. Hana hatia," Chuma akasema.

"Na utasema hivyo?"

"Neno kwa neno. Kwa heshima ya marehemu."

Hapo ndipo nilipojichongea mwenyewe. Jumapili mchana, flashi ya mwisho imeshatoka, maduka yamefungwa, nikatoa televisheni barazani mbele ya duka, nikaita watu wote. Nilimwita Gaspar. Nilimwita wifi. Nilimwita muuza vyombo, naye akaleta mabenchi. Nilitaka waisikie kwa masikio yao, kwa sauti ileile iliyonichafua, kwamba Mama Glory hakuua. Niliona kwamba kama daktari hawamwamini, Chuma watamwamini. Nikamkalisha Glory karibu yangu, nikamwambia, "Leo utasikia."

Jaji akaanza kusoma. Na sauti ya Chuma, ile nzito anayoiwekea majaji, ikasema: "Mahakama imejiridhisha pasipo shaka kwamba wewe, Mama Glory, ulimuua Mangi Aloyce kwa sumu ya chai. Utanyongwa mpaka ufe."

Watu wakaruka. Mabenchi yalianguka. Kwenye kioo yule mwanamke anacheka, anakumbatiwa na wakili wake.

"Mbona anacheka sasa?" mama mmoja akauliza.

"Kachanganyikiwa," muuza vyombo akamjibu. "Mtu akihukumiwa kunyongwa akili inaruka."

Akatoka nje juani, mama yake akamshika uso kwa mikono miwili, na Chuma akasema kwa huzuni, "Na hapa mama mzazi anamuaga mwanawe kwa mara ya mwisho." Kina mama wawili walitoa machozi. Waliliona jua, wakaiona ile furaha, wakaamini kamba. Gaspar alinisogelea akanipa mkono kama tulivyopeana mazikoni, akasema, "Pole, shemeji." Nilimpa mkono.

Nilimpigia Chuma hapohapo. Hakujificha, hata aibu hakuwa nayo. "Mama Glory, soko. Watu wamesubiri tangu mwanzo anyongwe. Nikimwachia, flashi zangu atanunua nani?" Wala hakuna aliyemwambia anifanyie hivyo, mama. Gaspar hakumfuata, hakuna adui. Ni kwamba mwanamke akinyongwa anauzika.

Basi nikabadilika, na sikufichi. Gaspar alikuja na mpwa wake kuchukua funguo za duka. Nikasimama, nikatabasamu. "Karibu shemeji, keti. Nikumiminie chai." Akabaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Nimepita tu, shemeji, nina haraka." Hajarudi mpaka leo. Akisikia naulizia hali yake kwa watu, anazima simu. Wateja wangu hawabishani bei tena. Nikitaja wanalipa, wanaondoka na mapazia yao. Muuza vyombo ananiamkia shikamoo, na ananizidi umri. Chuma mwenyewe alikuja kuomba radhi, nikamletea soda nimeshaifungua. Akasema kafunga.

"Umefunga nini, na jana nimekuona unakula chipsi?"

"Nimeanza leo, mama."

Nikamwekea ile soda mbele yake, nikakaa namtazama mpaka alipoondoka. Nilifurahi sana. Kama wanamtaka muuaji, wanaye, na ana funguo za duka.

Kwa hiyo usiniambie tena niache kila kitu nirudi nyumbani. Siji. Duka ni la Glory, na siku nikifunga, Gaspar atalifungua kabla basi langu halijafika Chalinze. Na usimkataze Festo kuionyesha hiyo tamthilia kibandani kwake, biashara ni biashara. Mwambie tu ule mwisho azime sauti, watu waangalie picha bila maneno, halafu awaulize wameona nini.

Nisalimie baba, na mwambie asichimbe viazi peke yake. Nisalimie shangazi yule wa kwaya, mama mdogo na wanawe wote, na mchungaji kama bado anapita hapo kula. Jirani aliyekohoa kwenye simu naye msalimie, mwambie nimeitambua sauti yake.

Nilitaka kuishia hapo, ila naona sijajibu ulichoniuliza, na kuna jambo nimelizunguka tangu juu.

Glory hali chakula mpaka nionje. Hakuanza kwa kelele. Unamjua mjukuu wako, ana adabu. Nikimpakulia, anakaa na sahani yake anaitazama, ananisimulia habari za shule, anasubiri. Nikichota kutoka kwenye sahani yake, nikameza, nikaongea kidogo, na yeye anaanza. Mwanzoni nilidhani ni huzuni ya baba yake. Kisha nikapika wali na maharage, nikafanya makusudi sikuonja, nikaenda kufua. Nilirudi wali umepoa, yeye yupo palepale, njaa inamtoa machozi.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Glory, mwanangu, sikumuua baba yako." Nilimwambia kama ninavyokuambia wewe sasa, mama, na sitalirudia kwa mtu mwingine yeyote.

"Najua, mama," akasema. Akanishika shavu, akanipapasa kama mtu mzima. Halafu akachota kijiko cha wali, akanielekezea mdomoni.

Mwanao,
Yustina