Hukuwa Umelewa, Mwanangu

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu tukuzike, na bado wapo wanaosema ulikuwa umelewa. Maneno hayo yalifika msibani kabla ya jeneza lako. Niliyasikia kwa masikio yangu, mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Mtu anaacha barabara mchana kweupe anaingia ukutani. Chupa hiyo." Yaliniganda. Nalala nayo, naamka nayo, mpaka nikafunga safari kwenda wodi ya wazazi ulikokuwa daktari, nimuulize muuguzi mkuu.

Alinishika mkono akanitoa nje. "Mama, mwanao hakunywa hata maji. Zamu yake iliisha jana yake. Wa kumpokea hakutokea, akaambiwa ashikilie mpaka daktari bingwa apite."

Sasa najua kushikilia ni nini. Hapo kwenu daktari anayesomea ubingwa haondoki mpaka bingwa apite kuwaona wagonjwa, na bingwa hupita anapotaka. Anayeomba kwenda kulala huitwa mgonjwa. "Mwandalieni kitanda, tumtundikie dripu." Wote wanacheka, na yeye anacheka, anarudi kazini. Wewe walikuita Jenereta, ukatusimulia kwa kujidai. Shangazi yako akakujibu, "Hata jenereta huzimwa ipoe." Ulicheka, kijiko kikakuponyoka, kutazama umeshalala mezani.

Ulikuwa mpole. Kila aliyekuja kujifungua ulimwita dada, hata aliyekutukana. "Hanitukani mimi," ulisema, "anautukana uchungu." Nyumbani ulinawa mpaka viwiko ndipo ushike mkate. Niliwahi kukuuliza mmezalisha wangapi. Ukasema, "Waliolia siwakumbuki, mama. Nawakumbuka walionyamaza."

Ulitaka kufundishwa, hilo tu. Bingwa akawa anafundisha kwa simu: "Pasua, damu ikizidi nipigie." Siku damu ilipozidi ulipiga, simu ikaita mpaka ikakata. Mtoto alipona, mama yake hakupona. Lawama ukabebeshwa wewe mbele ya wenzako. Nilikusihi upumzike angalau kidogo. "Nikikosa zamu bingwa hanipitishi, mama. Miaka yangu yote inakwenda na maji."

Basi, wasikie wote. Mwanangu usingizi ulimchukua kwenye usukani, jua limeshapanda, akitoka kazini. Hakukanyaga hata breki. Na wakubwa wake walikuja makaburini wakausifu moyo wake wa kujituma. Hakuna aliyesema alikuwa amechoka.

Leo mdogo wako, kitinda mimba wangu, anaingia kusomea ubingwa wodi ile ile, chini ya bingwa yule yule. Nilivaa viatu niende nikaseme na huyo bingwa. Kijana akasimama mlangoni. "Mama, ukienda wataniita mtoto wa mama. Nitakuwa nimekwisha kabla sijaanza." Siendi, kwa kuwa kaniomba. Ila sikuahidi kutoandika.

Unakumbukwa nami mama yako, baba yako ambaye kila asubuhi bado anakufungulia geti, mdogo wako, shangazi yako, na wauguzi wa zamu yako waliolia pamoja nasi. Maadamu tunapumua, hutatoka moyoni mwetu.

Na wewe, mdogo wake, na wenzako, na wazazi wenye watoto huko, haya myaepuke:

Kushika usukani ukitoka zamu ndefu. Lala huko huko, hata sakafuni, au mpigie simu baba yako aje.

Kupasua mtu peke yako wakati anayekufundisha yuko kwake. Wauguzi wasikie ukimwita, na wasikie akikataa.

Kumcheka mwenzako anayeomba kupumzika.

Kusema "nimezoea." Hakuna anayezoea.

Wazazi, kuwasifia watoto kwamba hawalali.

Kukazana kurudi nyumbani kwa sababu mama anakungoja na chai. Chai ikipoa nitapasha nyingine.