Nimechora Mpaka Mtoni

Geita, 12 Machi 1977

Dada yangu Apondi,

Hujambo huko Kisumu? Mama mzima? Mimi mzima, ila ukarani umenijaza wino vidoleni. Bado nacheka nikikumbuka tulivyogombania rangi ya bluu kwenye maonyesho ya shule kule Musoma. Hawa kwenye picha niliyoifunga humu ni wacheza ngoma wetu. Kama kawaida, nusu yangu, nusu yako: nimechora mpaka mtoni. Ng'ambo ni kwako.

Kaka yako,
Kamili

Kisumu, 20 Mei 1977

Kaka Kamili,

Mama hajambo, anakusalimu. Mimi nimekasirika. Miezi miwili sijaona hata mstari wako mmoja! Mpaka wa Kenya na Tanzania umefungwa kwa magari, si kwa barua; nawe umejifunga? Nusu ya picha uliyoniahidi iko wapi?

Dada yako,
Apondi

Geita, 4 Juni 1977

Dada Apondi,

Natumaini u mzima. Mimi nina taabu. Barua yangu ya Machi niliiweka kwenye kapu la barua za ofisi. Mkuu wetu, Ndugu Maduhu, akaifungua na kuisoma mbele ya wote.

"'Nimechora mpaka.' Umemchorea nani mpaka, kijana?"

"Nina maana nimefikia mtoni, mzee."

"Ala! Kumbe na mto umo!"

Wakacheka. Kisha akanipa karatasi niandike kwamba wewe uliye Kenya sikujui, la sivyo sina kazi. Apondi, niliandika. Picha ameifungia kabatini.

Kaka yako,
Kamili

Kisumu, 19 Juni 1977

Kamili,

Hujambo. Hunijui? Nani alikufundisha kuchora vidole, wewe uliyekuwa ukichora mikono kama mihogo? Ukweli ulioniandikia mimi, kamwambie yeye. Kama hunijui, usiniite dada.

Apondi

Geita, 2 Julai 1977

Dada yangu Apondi,

Hujambo? Mimi sijambo, na kazi sina. Jana nilimpa Ndugu Maduhu shikamoo, akaitikia. Nikamwambia niliandika uongo kwa woga, Apondi namjua. Akanifukuza. Nikaomba picha yangu.

"Hiyo ni ushahidi."

Ushahidi wa nini? Wanawake wanacheza ngoma! Mtu asome neno moja, aache linalofuata, halafu anifundishe mimi uaminifu? Na huyo ndiye tunayemwita Ndugu!

Nimechora nyingine, naipeleka posta mwenyewe. Mchezaji wa mwisho amenyoosha mkono mpaka ukingoni mwa karatasi. Vidole sikuvichora. Hivyo ni vyako.

Kaka yako, ukikubali,
Kamili