Naibu Waziri na Hospitali ya Skelbeck

Skelbeck, 9 Novemba

Mwanangu Rosalind,

Hujambo huko London? Mimi nipo, goti tu linanisumbua kwa baridi hii. Nimekuandikia mara mbili kuhusu hospitali yetu, na unajua nimejibiwa nini? "Mpendwa Bwana Thwaite, Naibu Waziri wa Afya anathamini sana maoni yako." Rosalind! Mimi ndiye niliyekubadilisha nepi!

Niambie kwa mkono wako: mnaifunga au hamuifungi? Wakati wa uchaguzi nilibisha kila mlango hapa, mvua inaninyeshea, nikiwaapia watu kwamba ukiwa mbunge hakuna atakayeigusa. Sasa kila nikienda kununua mkate naulizwa mimi, si wewe.

Baba yako, mtoa maoni

London, 20 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na goti. Unapaka ile dawa? Barua zako zilijibiwa na vijana wa ofisini kabla sijaziona, nisamehe.

Ila usinifokee. Waziri akiipinga serikali yake bungeni, kazi hana. Nikibaki ndani nitawashawishi taratibu. Niamini, na watu usiwaambie kitu.

Mwanao, Roz

Skelbeck, 2 Machi

Rosalind,

Salamu. Goti halijapona, na kufika hospitali siku hizi ni kupanda mabasi mawili. Jina lako nimeliona gazetini, katikati ya waliopiga kura ya kuifunga yetu.

Juzi binti wa Hargreaves alijifungulia garini, barabara ya mlimani, theluji inaanguka. Bahati yake Muriel Ogden, aliyekuwa nesi wa wodi ya wazazi, aliwafuata kwa gari lake. Mtoto ni mzima. Haya, mama, hebu niambie: huko ndani umemshawishi nani?

Baba yako

London, 28 Machi

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Najua umenikasirikia. Nimefukuzwa. Waziri Mkuu kabadilisha baraza lake, kanipigia simu, na chai yangu haijapoa mimi si waziri tena. Baada ya yote niliyowafanyia! Nimelia sana.

Na uchaguzi ndio huo umeitishwa. Nakuja kutetea kiti changu. Humu nimeweka fomu ya kugombea. Inataka saini za wapiga kura kumi wa jimbo, na ya kwanza huwa yako. Tafadhali, Baba. Wakiona jina lako watanisamehe.

Roz wako

Skelbeck, 3 Aprili

Mwanangu Roz,

Pole sana. Imeniuma walivyokutupa, na huyo Waziri Mkuu ningempata ningempasha. Lakini fomu yako nakurudishia bila saini. Mtu haruhusiwi kumdhamini mgombea zaidi ya mmoja, na wiki iliyopita nilisaini ya Muriel. Anagombea kwa ajili ya hospitali, basi.

Wewe bado ni mtoto wangu, na kitanda chako kimetandikwa. Jumapili nitaoka nyama ya kondoo, njoo ule. Ila pita mlango wa nyuma, maana wa mbele nimebandika bango la Muriel, na sitaki ulione kabla hujala.

Baba yako