Kabla Hamjamchukua Doreen

Rhotia Kati,
Karatu.
24 Aprili, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Xavery,

Habari za huko, na habari za kazi? Wifi yangu Rahel anaendeleaje na mgongo wake? Natumaini amebadilishiwa zamu, maana kusimama kwa saa kumi kila siku si mchezo. Sisi huku ni wazima. Jicho la Mama la kushoto bado linamsumbua, ila anakataa kurudi kwa daktari mpaka palizi ya maharage iishe. Nimemwambia magugu hayana haraka kuliko jicho. Akachukua jembe lake akatoka.

Mvua inanyesha bila kupumzika. Tope la huku unalijua. Juzi roli la vitunguu lilizama karibu na kwetu, likakaa siku mbili, na watu wakapata vitunguu vya bei nzuri.

Nimeamua kuandika kwa sababu sauti ninazokutumia kwenye simu huwa unazisikiliza ukiwa kazini, kisha unajibu "sawa dada" hata nilipouliza swali. Supeet, mwongoza watalii wa Nainokanoka ninayefanya naye kazi hapa hotelini, anakuja Dubai kwenye maonesho ya utalii. Atakupa bahasha hii mkononi. Mpokee vizuri. Hajawahi kutoka nje ya nchi, na ameshaniuliza mara tatu kama huko mtu anaruhusiwa kuvaa shuka.

Sasa nije kwenye lile jambo. Ulipopiga Jumatatu ya Pasaka uliniambia mmepata nyumba ya vyumba viwili Sharjah, hapo jirani na Dubai, na mnataka Doreen aanze shule huko mwezi wa tisa. Kisha ukaniuliza, "Dada, wewe umekaa huku miaka minane. Niambie ukweli wako, tumlete mtoto au tusimlete?" Nilikwambia nina chungu jikoni, nitakupigia. Hakukuwa na chungu. Nilikuwa nimekaa, na binti yako alikuwa mbele yangu mezani akichora ramani ya mkoa wa Arusha, amekosea mpaka wa Longido.

Mliniachia Doreen akiwa na miaka mitatu, sasa ana kumi. Kwa hiyo ujue tangu mwanzo kwamba mtu unayemuuliza si mtu asiye na upande. Nitajitahidi kusema kweli hivyo hivyo.

Nianze na mazuri, kwa sababu wengi huku wanadhani nilirudi kwa kuwa niliteseka. Sikuteseka. Mwaka wangu wa pili huko, kidole tumbo kilinipasukia nikiwa zamu ya asubuhi. Gari la wagonjwa lilifika kabla sijamaliza kueleza maumivu yalipo. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimeshapasuliwa na kushonwa. Mwaka uliofuata shangazi yetu Scholastika alishikwa na ugonjwa huo huo hapa nyumbani, mvua kama hizi, wakambeba kwa trekta, akafia njiani kabla hawajaifikia lami. Kila ninapopita pale nalifikiria lile gari lililonichukua mimi.

Lakini hospitalini kwenyewe muuguzi aliniletea fomu, akataka jina la ndugu yangu wa karibu anayepatikana kwa simu ndani ya mji. Nilikaa na ile kalamu muda mrefu. Mwishowe niliandika jina la msimamizi wangu wa kazi, mama mmoja wa Kifilipino ambaye hata umri wake sikuujua. Alikuja siku ya tatu, akakaa dakika kumi, akaniachia machungwa manne. Namshukuru mpaka leo. Hakuna mwingine aliyekuja.

Baba alipofariki, wewe ulikuwa hapa na unaikumbuka ile siku kwa upande wenu. Kwa upande wangu ilikuwa hivi. Kampuni iliyotuajiri wakati ule ilikuwa ikituwekea pasi zetu za kusafiria kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa likizo. Nilisimama mlangoni kwa karani nikamwambia baba yangu amekufa. Akasema, "Pole sana dada, rudi Jumapili." Mlizika Ijumaa. Wewe ndiye uliyeshika simu karibu na padri. Nilisikia maombi, nikasikia majembe, kisha salio lako likaisha. Nikarudi kutandika vitanda. Vilibaki vyumba kumi na vinne.

Na bado nilikaa huko miaka mitatu zaidi. Hilo sijawahi kukueleza. Watu huku walidhani nimefungwa na mkataba. Mkataba uliisha, nikasaini mwingine kwa mkono wangu. Walikuwa wamenipandisha cheo, na zaidi ya hapo nilipenda kutembea jioni bila mtu kujua mimi ni binti wa nani. Hapa nilikuwa na miaka thelathini bila mume, na kila niliyekutana naye njiani alikuwa na neno. Kule hakuna aliyeniuliza. Kuna siku hilo lilikuwa raha kubwa, na kuna siku lilinifanya niongee mwenyewe bafuni ili nisikie Kiiraqw, lugha yetu.

Niliporudi nilimchosha kila mtu. Nilikasirika fundi akichelewa, nilikasirika watu wakija bila kupiga simu kwanza. Mama aliniambia nimerudi na saa badala ya moyo. Ilinichukua kama mwaka kutulia. Lakini kazi niliyonayo sasa, ya kusimamia vyumba vyote vya hoteli hii, nimeipata kwa yale niliyojifunza Dubai, wala siwezi kukudanganya kwamba ningeipata vinginevyo.

Sasa kuhusu Doreen mwenyewe. Wiki mbili zilizopita tulipokea familia moja ya Kihindi inayoishi Dubai, baba mhandisi, mama yuko benki, na binti wa miaka kumi na mmoja. Walikuja kuona kreta ya Ngorongoro, lakini barabara ya kushuka ilikuwa utelezi mtupu, Supeet akakataa kuwashusha. Wakashinda hotelini. Shule zilikuwa zimefungwa, Doreen yuko nyumbani na bibi yake, basi nikampigia Supeet ampitie aniletee. Wakawekwa pamoja sebuleni, kwenye moto, na mimi nikakaa nyuma yao nakunja taulo.

Ile ada ya shule ya Kiingereza mnayolipa haipotei bure, maana binti yako aliuliza maswali kama afisa uhamiaji.

"Mnacheza wapi?" akamuuliza.

"Ndani. Jengo letu lina chumba cha michezo. Miezi ya joto hatutoki nje."

"Nani anakupokea ukitoka shule?"

"Dada wa kazi. Mama anafika saa moja usiku."

"Kwenu ni wapi?"

"Nimezaliwa Singapore. Bibi yangu yuko Chennai. Tunaishi Dubai."

"Sasa kwenu ni wapi?"

"Dubai," akasema, "mpaka kazi ya baba iishe."

Baadaye alimwonyesha picha za shule yake, maktaba, bwawa, na chumba cha sayansi ambapo kila mtoto ana hadubini yake. Doreen aliikodolea macho ile picha ya hadubini mpaka mwenzake akachoka kushika kifaa.

Jioni tulishuka kwenye gari la wafanyakazi pale njia panda, tukatembea kwenda nyumbani. Akaniambia, "Shangazi, nimeamua."

Nikamwuliza, "Umeamua nini? Nani amekwambia kuna cha kuamua?"

"Nilikusikia ukiongea na baba. Nataka kwenda."

"Si umemsikia mwenzako, hawatoki nje? Mama yake anafika saa moja usiku."

"Nimesikia. Saa moja si mbaya, shangazi. Mama yangu sasa hivi hafiki kabisa."

Xavery, sikuandika maneno hayo ili wewe na Rahel muumie. Najua kwa nini mko huko, na najua ile nyumba ya Mama imeezekwa na nani. Nimeyaandika kwa sababu uliomba ukweli wangu, na ukweli wa mtoto umeuzidi wangu.

Akaongeza jambo moja. Hataki kupelekwa na mtu wala kukabidhiwa kwa wahudumu wa ndege. Anataka wewe uje. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Aone ninapoishi, ili nikimwambia kitu cha nyumbani ajue naongelea nini." Ulikuja mara ya mwisho akiwa darasa la kwanza, ukakaa siku tisa, nne kati ya hizo ukiwa Arusha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mchukueni. Ila uje mwenyewe, ukae si chini ya wiki mbili, umsindikize shule kwa miguu, uwajue rafiki zake kwa majina. Wewe na Rahel msiwe zamu ya usiku kwa wakati mmoja, hata kama mmoja wenu itabidi akatae cheo. Mumwongeleshe Kiiraqw nyumbani, maana Mama Kiswahili chake kwenye simu hakimtoshi. Na tafuteni mtu mmoja huko, mmoja tu, ambaye jina lake mtaliandika kwenye fomu bila kukaa na kalamu.

Nimeshampeleka uhamiaji Arusha kuulizia pasi. Cheti cha kuzaliwa ninacho, imebaki barua ya ridhaa yenu ninyi wawili, iliyosainiwa. Mpe Supeet arudi nayo.

Nikuambie na la mwisho, kisha tusilizungumze tena. Mimi ndiye niliyepanga Doreen akutane na yule mtoto. Nilijua atamwuliza, na nilijua atajibiwa nini. Nilikuwa natumaini ataogopa. Aliposema anataka kwenda niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na siku ile nilikuwa nimevaa mabuti ya mvua. Alinisubiri. Sasa tangu juzi amehamia kulala chumbani kwangu, anadai kwake kunavuja. Nimeangalia dari, ni kavu. Nimemwachia nafasi upande wa ukutani.

Nisalimie sana wifi yangu Rahel. Huku wanakusalimu Mama, binamu yetu Fredrick na mkewe Lightness, na mwalimu Selestina aliyekufundisha darasa la nne, bado anakuuliza. Mungu awalinde katika kutoka kwenu na kuingia kwenu, na akulete salama.

Ni mimi dada yako, ninayekuwaza kila siku,

Marsela